Tiba ya kichwa kikubwa: Swali lililoulizwa Mbale likajibiwa dunia nzima

Mtoto anapozaliwa, bibi zetu wana desturi ya kumpapasa utosi. Utosi uliobonyea huwaambia kwamba mtoto amepungukiwa na maji mwilini. Utosi uliofura na kukaza, hali mtoto ametulia na amepakatwa wima, huwatia wasiwasi. Bibi hao hawana vipimo vya hospitali, lakini alama wanaijua, na wasiwasi wao si wa bure.

Utosi uliofura waweza kuwa dalili ya kwanza ya maradhi ambayo watu huyaita kichwa kikubwa, na wengine kichwa maji. Kichwa cha mtoto hukua kwa kasi inayopita ukuaji wa mwili wake, ngozi ya kichwa hunyooka hata mishipa ikaonekana, na macho huelekea chini kana kwamba mtoto anakitazama kidevu chake. Wengi wasiotibiwa hufariki, na wanaosalia aghalabu hubaki na ulemavu wa macho, wa viungo au wa akili. Watafiti wamekadiria kwamba karibu watoto 400,000 hupatwa na maradhi haya kila mwaka duniani, na sehemu kubwa yao wamo Afrika.

Pamoja na wingi huo, watoto hawa wanaendelea kufichwa majumbani. Mama hunyooshewa kidole na mawifi, husemwa kwamba amelaaniwa au kwamba amekiuka mwiko fulani wakati wa ujauzito. Wiki hupita kwa mganga huyu na yule, na kila wiki inayopita ni sehemu ya ubongo wa mtoto inayobanwa. Maradhi haya hayasubiri mashauri ya ukoo yaishe.

Katika makala haya tunamwangalia tabibu mmoja wa upasuaji wa ubongo wa watoto, Dk. Benjamin Warf, na maandiko aliyoyachapisha kutokana na kazi yake katika mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda. Wasomaji wetu wengi wanaujua mji huo kwa sababu ya Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichoanzishwa huko mwaka 1988. Ni wachache wanaojua kwamba katika mji huohuo zimefanyika tafiti zilizowalazimu mabingwa wa Marekani na Kanada kuitazama upya tiba waliyoizoea kwa nusu karne.

Maji yanatoka wapi?

Ndani ya ubongo wa kila mwanadamu mna vyumba vinne vyenye maji safi. Maji hayo hutengenezwa na tishu laini iliyomo ndani ya vyumba hivyo, hupita katika njia nyembamba, huuzunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha hunyonywa na kurudi katika damu. Kwa mtu mzima, takriban nusu lita hutengenezwa kila siku, na kiasi kama hicho hunyonywa. Mizani hiyo ikiharibika, maji hujaa vyumbani na kuubana ubongo kutoka ndani. Kwa kuwa mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga bado haijaungana, kichwa hupanuka.

Njia za maji huweza kuzibwa na sababu nyingi. Wako watoto wanaozaliwa na kasoro katika njia hizo, wako wanaovuja damu ndani ya ubongo kwa kuzaliwa kabla ya wakati, wako wenye uvimbe. Wako pia waliozaliwa na mgongo wazi, yaani uti wa mgongo usiofungika vizuri tumboni mwa mama, ambao wengi wao hupatwa na kichwa kikubwa pia. Na wako waliozaliwa wazima, kisha wakaugua homa ya uti wa mgongo au maambukizo mengine yaliyoacha makovu katika njia hizo.

Tiba iliyotawala tangu katikati ya karne ya 20 ni ya mrija. Daktari huingiza mrija mwembamba wenye valvu katika chumba cha ubongo na kuupitisha chini ya ngozi hadi tumboni, ili maji ya ziada yamwagike na kunyonywa huko. Mmoja wa waanzilishi wa valvu hiyo hakuwa daktari. Alikuwa fundi mitambo wa Philadelphia, John Holter, ambaye mwanawe alizaliwa na maradhi haya, naye akaibuni kwa mikono yake mwaka 1956 kwa ushirikiano na daktari wa upasuaji Eugene Spitz. Uchungu wa mzazi mmoja ukawa neema kwa watoto wasiohesabika.

Lakini mrija una aibu yake. Huziba, hukatika na huingiwa na vijidudu. Hata katika hospitali tajiri za Ulaya na Marekani, karibu nusu ya mirija waliyowekewa watoto huharibika ndani ya miaka 2. Unapoziba, maji hujaa tena kwa ghafla, na mtoto huweza kufariki asipofanyiwa upasuaji mwingine haraka.

Safari ya kurudi nyumbani

Dk. Warf, aliyekuwa mkuu wa upasuaji wa ubongo wa watoto katika Chuo Kikuu cha Kentucky, alihamia Uganda mwaka 2000 pamoja na mkewe na watoto wao 6. Alikwenda kuanzisha hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale, iliyojengwa na shirika la misaada la Kikristo kutoka Marekani. Alijifunza tiba ya mrija katika nchi ambayo mzazi akimwona mwanawe anatapika na kusinzia usiku, hupiga simu na gari la wagonjwa likafika. Mbale hali ilikuwa nyingine. Mama alifika akiwa amesafiri mchana kutwa kwa basi na kwa miguu, nauli imetokana na kuuza mbuzi au kukopa kwa jirani, na alirudi kijijini kusiko na daktari wa ubongo, wala mashine ya kupiga picha ya kichwa.

Hapo ndipo lilipozaliwa swali ambalo kazi yake yote imelizunguka: mrija huu ukiziba usiku kule kijijini, nini kitampata mtoto? Katika vitabu vya tiba swali hilo lilikuwa dogo. Kwa mama wa Karamoja au wa Busoga, lilikuwa ni uhai wa mwanawe.

Jibu alilolijaribu halikuwa jipya kabisa. Tangu mwaka 1923, daktari William Mixter wa Boston aliwahi kuingiza kifaa chembamba cha kutazamia ndani ya ubongo wa mtoto na kutoboa sakafu ya chumba cha tatu, ili maji yapate njia nyingine ya kutokea bila mrija. Njia hiyo iliachwa kwa miaka mingi kwa uhaba wa vifaa, ikarudi baadaye kamera ndogo zilipopatikana. Hata hivyo, kwa watoto wa chini ya mwaka mmoja ilishindwa mara nyingi. Dk. Warf akaunganisha kutoboa huko na kitendo cha pili, nacho kilikuwa kimejaribiwa na wakongwe mwanzoni mwa karne hiyo kisha kikasahauliwa: kuichoma ile tishu inayotengeneza maji ili maji yenyewe yapungue. Mambo mawili yaliyotupwa, akayaokota na kuyatia katika operesheni moja.

Daftari lilivyozungumza

Madaktari wengi wenye moyo wa huruma wamefanya kazi njema Afrika, wakaondoka, na elimu yao ikaondoka nao. Kilichoifanya kazi ya Mbale ibaki ni kwamba kila mtoto aliandikwa: umri, chanzo cha maradhi, operesheni aliyofanyiwa na hali yake miezi baadaye. Mwaka 2005 hesabu hizo zilianza kuchapishwa katika jarida la upasuaji wa ubongo la Marekani, na tatu kati ya hizo zinastahili kuelezwa.

Ya kwanza iliwahusu watoto 300. Ilionyesha kwamba asilimia 60 yao walipata kichwa kikubwa kutokana na maambukizo, na takriban robo tatu ya hao waliugua katika mwezi wa kwanza wa maisha. Kwa maneno mengine, wengi wa watoto waliokuwa wakidhaniwa kuwa na mkosi wa kuzaliwa nao walizaliwa wazima. Walipotezwa na homa ya siku chache, ambayo huenda ingezuilika.

Ya pili ililinganisha mirija ya aina mbili kwa watoto 195. Mmoja, uliotengenezwa India, uligharimu takriban dola 35 za Marekani, na mwingine dola 650. Baada ya mwaka mmoja hapakuonekana tofauti ya maana baina yao. Matokeo hayo yalizipa hospitali za nchi maskini ushahidi wa kununua kifaa cha bei nafuu bila kuona kwamba zinawapunja watoto wao.

Ya tatu iliwahusu watoto 550 waliofanyiwa operesheni ya kamera. Kwa walio chini ya mwaka mmoja, kutoboa peke yake kulifaulu kwa asilimia 47. Kutoboa pamoja na kuchoma kulifaulu kwa asilimia 66. Kwa watoto wenye mgongo wazi tofauti ilikuwa kubwa zaidi: asilimia 35 kwa njia ya kwanza na asilimia 76 kwa ya pili. Nyuma ya tarakimu hizo walikuwapo watoto waliorudi vijijini bila mrija kichwani, na wazazi wasiolala wakiuhofia usiku.

Msomaji atambue pia lile ambalo tarakimu hizo hazikulificha. Katika kila watoto 100 wachanga, 34 hawakufaulu hata kwa njia iliyo bora, nao walihitaji tiba nyingine. Mtafiti mwaminifu huandika walioshindikana kando ya waliopona.

Kutoka Mbale hadi Boston

Baada ya miaka 6 Dk. Warf alirejea Marekani, na baadaye akajiunga na Hospitali ya Watoto ya Boston na Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 2012 alitunukiwa tuzo ya Wakfu wa MacArthur. Hospitali ya Mbale haikufungwa kwa kuondoka kwake. Madaktari wa Uganda, akiwamo Dk. John Mugamba na Dk. Peter Ssenyonga, waliendeleza operesheni na kuwafundisha madaktari wa nchi nyingine za Afrika na Asia. Ikawa mwanafunzi wa upasuaji wa ubongo anapanda ndege kwenda Mbale kujifunza.

Marekani na Kanada njia hiyo ilipokewa kwa tahadhari. Baadhi ya hospitali ziliijaribu na kupata mafanikio madogo kuliko ya Mbale, na ikadhihirika kwamba matokeo hutegemea ni kiasi gani cha tishu kimechomwa, umri wa mtoto na chanzo cha maradhi. Mkono uliozoea operesheni hiyo mara mamia haulingani na mkono unaoanza.

Ndipo mtihani mkubwa ukafanyika. Watoto 100 wa Uganda, wa chini ya miezi 6, wenye kichwa kikubwa kilichotokana na maambukizo, waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili: moja likapewa mrija, jingine operesheni ya kamera. Matokeo yaliyochapishwa Desemba 2017 katika jarida la tiba la New England, mojawapo ya majarida yenye heshima kubwa duniani, yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja uwezo wa akili wa makundi hayo mawili haukutofautiana kwa maana. Operesheni ya kamera haikuushinda mrija kwa kuujenga ubongo, wala mrija haukuishinda. Hivyo daktari aliye mbali na mji mkuu aliweza kuchagua njia isiyomfunga mtoto na mrija maisha yake yote, bila kuhofia kwamba anamnyima akili.

Baada ya miaka 2, hata hivyo, picha za watoto hao zilileta habari nzito: ukuaji wa ubongo ulikuwa umedorora kwa wengi, wa kundi hili na wa lile. Upasuaji uliondoa maji. Uharibifu uliokwisha kufanywa na maambukizo haukuweza kuuondoa.

Mvua, udongo na kijidudu

Kwa sababu hiyo swali la Mbale likasogea hatua nyingine. Baada ya kuuliza namna ya kutibu, watafiti wakauliza kinachowaumiza watoto. Dk. Steven Schiff, daktari aliyeshirikiana na Warf, alilinganisha orodha ya wagonjwa na vipimo vya mvua vilivyopigwa na setilaiti. Mwaka 2012 walichapisha matokeo yao: wagonjwa waliongezeka na kupungua kwa kufuata misimu, wakijitokeza zaidi wakati mvua ikiwa ya wastani, si kiangazi kikavu wala masika makubwa. Kumbe maradhi yalikuwa na uhusiano na mazingira anamozaliwa mtoto.

Mwaka 2020 timu hiyo ilitangaza kuwa imepata, katika maji ya ubongo ya watoto wa Uganda, bakteria wa jamii ya Paenibacillus ambao upimaji wa kawaida wa maabara haukuwa ukiwaona. Bakteria wa jamii hiyo hupatikana kwenye udongo na maji. Njia wanayopita hadi kumfikia mtoto inaendelea kufuatiliwa, lakini thamani ya ugunduzi huo iko wazi: adui aliyejulikana kwa jina aweza kutafutiwa dawa inayomfaa, na mtoto akatibiwa kabla kichwa hakijaanza kukua.

Liko na somo jingine kutoka Mbale lisilohusu kisu. Mwaka 2011 Warf na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto wenye mgongo wazi wa kusini-mashariki mwa Uganda. Walioishi katika wilaya zenye huduma za utengemao, ambako wahudumu huwafuata watoto nyumbani na kuwasaidia wazazi, walinusurika kwa wingi zaidi kuliko waliorudi wilaya zisizo na huduma hizo. Operesheni ilikuwa ileile na daktari yuleyule. Kilichotofautiana ni nani aliyebisha hodi mlangoni baada ya mama kurudi.

Wajibu wa nyumbani

Katika ukanda wetu tiba ya maradhi haya ipo. Inapatikana katika Taasisi ya Mifupa MOI iliyopo Muhimbili, Dar es Salaam, katika kitengo cha upasuaji wa ubongo cha Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, na Kijabe nchini Kenya. Kinachowapoteza watoto wengi ni kuchelewa kufika. Kwa hiyo tunawausia wazazi mambo machache yanayotokana moja kwa moja na tafiti tulizozieleza.

La kwanza ni uangalizi wa mwezi wa kwanza. Mtoto mchanga anayeacha kunyonya, anayepata homa au mwili wake ukawa wa baridi, anayelegea au kupatwa na degedege, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Dawa atakazoandikiwa zimalizwe hata akionekana amepona. Kitovu kiachwe kikavu na kisafi. Asipakwe majivu, udongo wala kinyesi cha ng'ombe.

La pili ni kipimo cha kichwa. Utepe wa kupimia, kama ule wa fundi cherehani, unatosha kuonyesha kichwa kinachokua kupita kiasi, ikiwa kitapimwa kila mwezi na kuandikwa. Mama anapokwenda kliniki na mtoto akapimwa uzito peke yake, aombe kwa adabu apimwe na kichwa. Kutapika mara kwa mara, kusinzia kusiko kwa kawaida, utosi kufura na macho kuelekea chini ni dalili za kumkimbiza mtoto hospitali kubwa.

La tatu linahusu mabinti zetu kabla hawajashika mimba. Uti wa mgongo wa mtoto hufungika ndani ya siku 28 za mwanzo, wakati ambao wanawake wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Mikrogramu 400 za foliki asidi kila siku, zikianza kabla ya mimba, hupunguza sana hatari ya mgongo wazi. Aliyewahi kuzaa mtoto wa namna hiyo, au anayetumia dawa za kifafa, amwone daktari kwanza kwa kuwa huhitaji dozi kubwa zaidi. Tanzania iliweka kanuni za kurutubisha unga mwaka 2011 na Kenya ikafuata 2012, lakini unga unaosagwa katika mashine ndogo za mitaani mara nyingi hauna kirutubisho hicho. Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuhimiza urutubishaji wa vyakula ili kuzuia mgongo wazi. Bi harusi anayeandaliwa kwa vitenge na vyombo, aandaliwe pia kwa vidonge hivyo visivyo na gharama kubwa.

La nne ni la akina baba. Mama asiachiwe peke yake nauli, lawama na usiku wa wodini. Na mtoto aliyekwisha kupasuliwa, awe na mrija au asiwe nao, arudishwe kliniki kwa kila tarehe aliyopangiwa hata kama anacheza na wenzake uwanjani. Ni kwa wazazi waliorudi kwa tarehe zao, wakiwa na watoto wao mgongoni, ndipo daftari la Mbale lilipojaa na madaktari wakajua kipi kinaponya.